Usininyamazie

Siku Kitana alipomwona Kishindo kwa mara ya kwanza, alidhani ni mwendawazimu, na hakuna ambaye angemlaumu.

Ilikuwa Jumamosi, jua la utosi, na mtaa wa mafundi wa vyombo vya umeme ulikuwa umefurika. Pasi ziliunguza vitambaa vya kujaribia, redio zilibishana kibanda kwa kibanda, watu walikanyagana visigino na kuombana radhi bila kugeuka. Kitana alisimama mbele ya fundi wake na draya ya saluni, ile ya kofia kubwa inayommeza mteja kichwa mpaka masikioni. Alikuwa amevaa gauni la kijani lililokamatwa kiunoni kwa mkanda mpana mweupe, na nywele zake, kazi ya mdogo wake, zilipanda juu kama taji. Alizoea kusema kwamba msusi mwenye kichwa kibaya ni kama mpishi mwenye njaa: nani atamwamini?

Fundi akachomeka waya. Draya ikakohoa, ikanguruma, kisha ikatulia kwenye mvumo mzito wa chini chini.

"Usiizime! Nakuomba, fundi, usiizime!"

Mwanamume mrefu mwenye shati la njano na hedifoni shingoni alikuwa amepiga magoti vumbini, akiisogezea draya kinasa sauti kidogo kama mtu anayemhoji waziri.

"Kaka, una nini?" Kitana akauliza.

"Shhh. Inaimba."

"Nini inaimba?"

"Hii. Sikiliza hapo chini. Mmmm, halafu inajikwaa. Mmmm-ta. Mmmm-ta. Umesikia?"

"Hiyo ni draya, inakausha nywele. Huko kuimba ndio ugonjwa wenyewe uliotuleta kwa fundi."

Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka. Yule mwanamume akazima kinasa chake, akainuka akijipangusa magoti, na hapo ndipo Kitana alipomwona vizuri: ndevu zilizochongwa, macho yenye usingizi na uchangamfu kwa pamoja, na tabasamu la mtu aliyeokota kitu njiani na hajui amshukuru nani.

"Na hodi je?" Kitana akamkazia. "Kitu cha mtu unachukua sauti yake bila hata kubisha?"

"Hodi, dada."

"Umeshafika mpaka jikoni ndiyo unapiga hodi!"

"Basi nipe adhabu. Nikubebee mpaka saluni."

Kitana hakuwa mtu wa kubebewa vitu na watu asiowajua. Lakini draya ilikuwa nzito, jua lilikuwa kali, na adhabu ni adhabu. Wakaongozana, yeye mbele na mwanamume nyuma na kofia la draya begani, watu wakiwapisha huku wakicheka. Walipofika saluni, wateja waliokuwa na rola kichwani walikuwa wameshatoa shingo dirishani.

"Dada," mdogo wake akamnong'oneza mgeni alipoondoka, "umekwenda na draya umerudi na bwana?"

"Funga mdomo, ufunge na dirisha."

Mdogo mtu alikuwa na haki ya kushangaa. Saluni ile ilikuwa na dini yake, na mhubiri wake alikuwa Kitana. Aliwahi kuolewa. Mumewe aliondoka kidogo kidogo, kwanza mawazo, kisha nguo, mwishoni mwili, na katika miezi ile Kitana alimbembeleza mpaka akajichukia. Tangu siku hiyo, mteja yeyote aliyekaa kwenye kiti chake akilia habari za mwanamume alipewa kitambaa cha kufutia machozi na fundisho moja: "Mwanamume habembelezwi. Anayetaka kuondoka mfungulie mlango, angalau hewa iingie." Wanawake walilibeba fundisho hilo mpaka majumbani. Wengine walilitumia vizuri, wengine vibaya, lakini wote walijua limetoka kwa Kitana.

Jioni ya siku ya pili simu yake ikalia.

"Nani mwenzangu?"

"Mwizi wa draya."

"Namba yangu umeitoa wapi?"

"Imeandikwa juu ya mlango wa saluni, herufi kubwa kuliko mlango."

"Ile ni ya wateja."

"Basi nisuke."

"Usukwe nini na kichwa kama yai?"

Akacheka, na kicheko chake kwenye simu kilikuwa kinene na chenye joto, kama kinatoka ndani ya kabati la mbao. Kitana alijikuta amekaa chini bila kukusudia.

"Njoo Jumapili ijayo alasiri," Kishindo akasema. "Nikuonyeshe draya yako imefika wapi."

Ilikuwa imefika mbali. Gereji moja kuukuu, ambayo siku za kazi ilitengenezewa malori, kila Jumapili iligeuka ukumbi. Hapakuwa na bango wala tangazo, ulijua kwa kuambiwa na aliyejua. Ndani, watu walijaa kutoka ukutani mpaka ukutani, harufu ya oili ikichanganyika na manukato, vumbi likielea kwenye mihimili ya mwanga iliyopenya batini. Muziki wenyewe ulikwenda polepole, mzito, kama mtu anayevuta kabati sakafuni, na ndiyo maana uliitwa mburuzo. Watu hawakurukaruka. Walizama magoti kidogo, wakayumba pamoja. Na kule chini kabisa, Kitana alisikia kitu anachokijua: Mmmm-ta. Mmmm-ta. Draya yake ilikuwa inatembeza umati mzima.

Akaangalia jukwaani. Kishindo alikuwa nyuma ya kompyuta na miksa, jasho limemlowesha shati, macho ameyafumba. Alipoyafumbua na kumwona, hakupunga mkono. Alikizungusha kitufe kimoja cha miksa kidogo tu, mvumo ukajaa, na umati ukaguna kwa raha. Kitana alihisi ule mguno umetoka kifuani mwake.

Ikawa hivyo. Mapenzi yao yalikuwa ya mchana, kwa sababu yeye alifunga saluni jioni akiwa amechoka na Kishindo alitengeneza muziki tangu alfajiri, kichwa kikiwa bado kibichi. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ya zamani ukutani. Kitana angemkuta amekaa kitako sakafuni, akisikiliza pigo moja la ngoma asubuhi nzima, akilipunguza, akiliongeza, akilifuta.

"Hilo na la jana si ni moja?"

"La jana lilikuwa na haraka."

"Haraka ya nini?"

"Sijui, lakini nilimwambia akae chini."

"Ulimwambia nani?"

"Pigo."

"Mungu wangu," Kitana akasema akimpangusa jasho kwa khanga aliyojifunga kiunoni, "nimependa mtu anayezungumza na mapigo."

Huko ndiko alikomjua. Kishindo alimsimulia kwamba mburuzo haukuwa muziki wake wa kwanza. Ujanani alitengeneza mkimbio, muziki wa kasi ya ajabu uliochezwa na vijana wenye viatu vya raba mpaka soli zikang'oka, ukisambazwa kwa kanda zilizonakiliwa mkono kwa mkono. Alikuwa na jina. Kisha siku moja vijana wakachoka kukimbia. Wenzake wengi walibaki wakilalamika kwamba muziki umekufa. Mmoja akawa dereva, mwingine akauza vyombo vyake. Yeye alikwenda kukaa nyuma kabisa ya kumbi za watu waliokuwa wadogo kwake, akasikiliza.

"Hukuona aibu?"

"Niliona. Lakini aibu haikuwa inaniambia kitu kipya. Muziki ulikuwa unaniambia."

Kitana aliyaweka maneno hayo moyoni. Alikuwa amezoea wanaume wanaojua. Hakuwahi kukutana na mmoja anayejifunza.

Miaka ikapita, tena mizuri. Watu wakazoea kuwaona pamoja, Kishindo na shati la rangi kali, Kitana na gauni jipya kila Jumapili. Ndoa waliitaja kwa utani tu, kama watu wanaogusa maji kwa kidole kabla ya kuoga. Kitana aliogopa, na Kishindo alijua anaogopa, akasubiri.

Kisha gereji ikauzwa. Na kana kwamba mkosi hausafiri peke yake, muziki nao ukageuka. Vijana wapya waliotengeneza nyimbo kwenye simu zao walileta kitu walichokiita mkatiko: sauti zilizokatwakatwa, kimya cha ghafla katikati ya pigo, mtu anainua mguu na hajui ataushusha wapi. Ngome yao ilikuwa maegesho ya magari chini ya jengo moja la maofisi lililohamwa. Kiongozi wao alikuwa dijei wa kike, mwembamba, kichwa nusu kimenyolewa, aliyeitwa Sumaku.

Walimwalika Kishindo apige, kwa heshima. Akapiga mburuzo wake. Vijana hawakumzomea. Walikaa chini. Wakatoa simu zao, wakapiga soga kwa sauti ya adabu, wakisubiri amalize, kama wajukuu wanaosubiri babu amalize kusimulia. Kitana alikuwa pale, na mpaka leo akikumbuka ile adabu humkata maini kuliko mzomeo.

Kishindo akajifungia studio. Simu ikalia bila kupokewa. Kitana alikwenda akagonga. Ndani kimya, lakini viatu vyake viko mlangoni. Siku zikafuatana. Kitana, mhubiri wa saluni, alikaa na wateja akifundisha yale yale ya siku zote huku vidole vikikosea mistari.

Hatimaye, adhuhuri moja, aliingia kwenye kistoo cha saluni, kati ya makopo ya mafuta na mafurushi ya nywele, akampigia, na mashine ya simu ilipomwambia aache ujumbe, akaacha.

"Ni mimi. Sikiliza. Kama huli, nitakuja nikulishe kwa kijiko kama mtoto. Kama hulali, nitakuja nikae pembeni nikupepee. Hasira, nipe. Machozi, nipe. Mimi sijambembeleza mwanamume tangu nilipoachwa, niliapa, na leo nakubembeleza wewe, haya, cheka. Ila usininyamazie. Tafadhali, roho yangu, usininyamazie. Ukininyamazia wewe, mimi nitaongea na nani?"

Akakata simu, akafuta uso, akarudi kwenye kichwa cha mteja.

Jioni ile Kishindo alikuja. Alikuwa amekonda, shati limekunjamana. Alimkumbatia mbele ya wateja wote, na mdogo mtu akalazimika kuwaambia kwamba nywele za mteja zinaungua.

Alichofanya baada ya hapo Kishindo ni jambo ambalo watu wa muziki wanalisimulia mpaka sasa. Alimwendea Sumaku, msichana aliyeweza kuwa binti yake, akamwambia, "Nifundishe." Sumaku alidhani anatania.

"Mzee, wewe ndiye niliyejifunza kwako. Nyimbo zako nimezikatakata zote."

"Nimesikia. Umezikata vizuri kuliko nilivyozishona. Sasa nionyeshe mkasi."

Akakaa kwa binti huyo kama mwanafunzi, akikosea, akichekwa, akirudia. Kitana aliwapelekea chakula na akawakuta wanabishana juu ya kimya, kiwe kirefu kiasi gani, na moyo ukamjaa fahari.

Hakujua kilichokuwa ndani ya kompyuta.

Aliujua ukweli siku ya kazi, asubuhi, saluni imejaa. Mteja mmoja kijana aliinua simu yake. "Dada Kitana, umesikia hii? Imelipuka Jumapili kule chini." Akaiweka mezani. Pigo likaingia, zito kama mburuzo lakini limevunjikavunjika, likaruka, likasimama ghafla. Na katika ule ukimya, sauti ya mwanamke:

"Usininyamazie."

Pigo. Kimya.

"Nakubembeleza wewe, haya, cheka. Usininyamazie."

Kitana alishika kiti. Kisha mwanamke mmoja, aliyewahi kumfukuza mumewe kwa kufuata fundisho la pale pale, akageuka polepole na kichwa chake nusu kimesukwa.

"Bibi wee," akasema, "hiyo si sauti yako?"

Mchana huo Kitana alikwenda studio akiwa na aproni yake ya kazi, kitana bado kimechomekwa nywelani.

"Umefanya nini?"

Kishindo aliinuka. Alijua. "Nilikuwa nimeitengeneza niwe nayo mwenyewe tu. Halafu Jumapili ilinijaa moyoni, nikaipiga mara moja. Mara moja tu. Watu wakainasa kwenye simu..."

"Ulinasa wewe kwanza! Mimi nilikwambia wewe. Nilijifungia stoo ili mdogo wangu asisikie. Nikakupa kitu ambacho sijampa mtu, na wewe ukakitia besi!"

"Kitana, kilinitoa kaburini. Nilitaka..."

"Ulitaka. Uliniuliza?"

Kishindo akaizima kompyuta.

"Mji mzima unanicheza," Kitana akasema, sauti ikipasuka. "Wanawake niliowaambia wasibembeleze wananisikia nikibembeleza. Na wewe ndiye uliyewasikilizisha."

Akaondoka. Na yule aliyeomba asinyamaziwe akanyamaza yeye. Simu zikalia asizipokee. Kishindo alikuja saluni, akasimama nje, mdogo mtu akatumwa kumwambia dada hayupo, huku dada akionekana kwenye vioo vyote. Alituma ujumbe mmoja tu: "Nilikosea. Sitakusumbua. Nitarekebisha ninachoweza." Kisha naye akatulia.

Wateja hawakupungua; waliongezeka, na hilo lilimuudhi zaidi. Kila aliyeingia alimtazama kwa jicho alilodhani ni la kejeli. Acha kufundisha, alijiambia. Akawa anasuka kimya kimya.

Siku moja mlango ukafunguliwa, akaingia Sumaku, amevaa suruali pana yenye mifuko magotini na fulana iliyokatwa mikono.

"Shikamoo, dada. Nimekuja kusuka."

"Marahaba. Usuke nini? Nusu ya kichwa haina kitu."

"Hiyo nusu nyingine."

Kitana akamkalisha. Akaanza kugawa mistari.

"Dada, unajua mzee anafanya nini siku hizi?"

"Sijauliza."

"Basi sikwambii wewe, namwambia kioo. Anazunguka. Kila dijei, kila ukumbi, anakwenda mwenyewe kwa miguu kuomba wimbo ule wenye sauti yako ufutwe. Wengine wanamcheka. Kampuni ya nje iliutaka, ingemzungusha dunia nzima. Akawaambia sauti si yake. Wakasema watafute mwimbaji airudie. Akasema maneno pia si yake." Sumaku akamtazama kwenye kioo. "Dada, sisi kwetu mtu akipata wimbo wa namna ile mara moja maishani, anakufa ameshukuru. Yeye ameutupa."

Vidole vya Kitana vilisimama.

"Jumapili anapiga," Sumaku akaendelea, kwa upole zaidi. "Njoo uone mwenyewe kama watu wanakucheka. Nikiwa nimekudanganya, utaninyoa nusu iliyobaki."

Jumapili alasiri Kitana alivaa gauni jeusi lisilo na pambo, akafunga kilemba chini karibu na nyusi, akateremka njia ya magari kuelekea kwenye maegesho yale. Alisimama nyuma ya nguzo. Umati ulikuwa mkubwa kuliko wa gereji siku zake bora: wanafunzi, makarani, wauguzi ambao walitoka zamu moja kwa moja, fundi wa kuchomea vyuma mwenye mikono yenye makovu. Kishindo alikuwa kwenye mitambo, shati la kijivu. Kitana hakuwahi kumwona na shati la kijivu.

Alipiga nyimbo kadhaa. Kisha likaanza pigo lile. Zito. Limevunjika. Likaruka, likasimama. Akajiandaa kuisikia sauti yake.

Hapakuwa na sauti. Kishindo alikuwa ameiondoa. Pale ilipokuwa, ameacha kimya kitupu, tundu katikati ya wimbo.

Na umati wote ukalijaza.

"Usininyamazie!"

Kishindo akainua mikono, akiwasihi wasifanye hivyo, akitikisa kichwa. Hawakumjali. Pigo likarudi, likakatika, nao wakaimba tena. Kitana akatazama nyuso akitafuta kejeli. Fundi wa vyuma alikuwa amefumba macho, mishipa ya shingo imesimama. Muuguzi mmoja aliimba huku analia waziwazi bila kujificha. Wasichana wawili waliokuwa wameshikana mabega waliimbiana usoni. Kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyemnyamazia, baba, rafiki, mpenzi, na alikuwa akimwita. Hakuna aliyekuwa akimcheka Kitana. Wala hakuna aliyekuwa akimfikiria. Walikuwa wameyachukua maneno yake kwa sababu nao walikuwa nayo muda mrefu, wakakosa pa kuyasemea.

Tundu la tatu lilipokuja, Kitana aliikuta midomo yake mwenyewe imefunguka.

Kishindo alimwona hapo. Alimwachia Sumaku mitambo, akapita katikati ya watu, wakatoka pamoja mpaka kwenye njia ya magari, jua la alasiri likiwapiga usoni. Wakaketi ukingoni mwa saruji, wameachiana nafasi ya mtu mmoja.

"Ni nzuri," Kitana akasema.

"Kita..."

"Usifurahi haraka. Ni nzuri, na bado ulikosea."

"Nilikosea."

"Usiseme 'nilikosea lakini'."

"Sijasema lakini."

"Niliisikia inakuja."

Kishindo akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likafifia. "Nilijifunza mambo mengi maishani mwangu, Kitana. Kuomba sikujifunza. Nilizoea kwamba kila sauti iliyo hewani ni yangu. Ulipoondoka ndiyo nikaelewa kwamba nilikuwa nimemsikia kila mtu bila kumsikiliza."

Kitana alimtazama: kidevu kisichonyolewa, lile shati la kijivu, macho yasiyokwepa. Akamwaza mwanamume yule wa kwanza, ambaye hakuwahi kusema nilikosea hata alipomwagia chai kitabu cha maombi.

"Ule ujumbe bado uko kwenye simu yako?"

"Upo. Ukitaka nitaufuta sasa hivi, mbele yako."

"Usiufute. Huo ni wako. Ila kule," akaelekeza kidevu chini, ambako umati ulikuwa umepiga kelele tena, "sauti yangu isirudi. Acha tundu. Wana sauti zao wenyewe. Utoe wimbo hivyo hivyo."

"Na kampuni ikisema wimbo hauna mwimbaji?"

"Waambie waje Jumapili."

Akasogea, ile nafasi ya mtu mmoja ikaisha.

Wimbo ukatoka ukiwa na tundu lake. Ukasafiri hadi miji ambayo wao hawakuwahi kuifikia, na kila ukumbi ulilijaza kwa lugha yake. Kishindo alialikwa, akaenda, akarudi, akampigia simu Kitana kutoka kila uwanja wa ndege kumweleza habari za milango inayojifungua yenyewe na chai mbaya. Heshima yake ikarudi, lakini alikuwa hashiki heshima kwa mikono miwili. Sumaku alipokuja akilalamika kwamba kuna watoto wapya wanaotengeneza muziki usio na pigo kabisa, na tayari wanamwita yeye shangazi, Kishindo alichukua funguo. "Wanapiga wapi? Twende tukakae nyuma." Kitana alibaki mlangoni akiwatazama wakiondoka, mmoja amenuna na mwingine ana haraka kama kijana anayeenda kwenye miadi, akajisemea kwamba mtu wa namna hii hazeeki, hubadilisha kiti tu.

Jumatatu moja, saluni ikiwa imefungwa, alimsaidia kuhamia studio mpya, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Vitu vidogo vilishapanda. Ilibaki spika moja kubwa, nzito kama ng'ombe. Kishindo akashika juu akipanda kinyumenyume, Kitana akashika chini, amevaa suruali ya kazi na fulana iliyochakaa, jasho likimtiririka mgongoni. Kwenye kona ya ngazi, spika ikakwama kati ya ukuta na uzio.

"Inua upande wako," Kitana akahema.

"Kitana."

"Inua!"

"Nioe. Hapana, nikuoe. Yaani, tuoane."

"Nini?"

"Umesikia."

"Huu ndio wakati?"

"Ndio wakati pekee ambao huwezi kuondoka. Ukiachia, inakuangukia."

"Na ukiniua utanioaje?"

"Nimesubiri uache kuogopa. Leo asubuhi nimegundua kwamba mwenye kuogopa nilikuwa mimi. Nilikuwa naogopa kubisha hodi. Sasa nabisha. Ukisema hapana, tutapandisha spika, tutakunywa maji, na nitabaki kuwa wako vilevile."

Juu yao mlango ukafunguka. Bibi mmoja mwenye kikapu cha sokoni akateremka pole pole mpaka alipofika walipoziba njia. Akamtazama mwanamume, akamtazama mwanamke, akaitazama spika.

"Nimesikia yote," bibi akasema. "Mjibu, mwanangu, nipite. Soko linafungwa."

"Bibi, hata hajanyoa ndevu."

"Zitanyolewa. Ana kazi?"

"Anatengeneza muziki."

"Mmh." Bibi akafikiri. "Anakusikiliza?"

Kitana akamtazama Kishindo kule juu, shati la njano limemganda mwilini, uso umejaa vumbi na hofu, amekumbatia upande wake wa mzigo kwa mikono yote miwili.

"Siku hizi, ndiyo," akasema.

"Basi unangoja nini?"

"Ndiyo," Kitana akarudia, safari hii akimwambia yeye. "Ndiyo, tuoane. Sasa inua upande wako, mume wangu, bibi apite."